Pima Maji Kabla ya Kuchagua Samaki: Mwongozo wa Tangi Lenye Mimea

Mwaka jana nilinunua samaki 12 aina ya neon tetra katika duka moja la hapa Dar es Salaam, nikawaweka katika tangi la lita 120 ambalo mimea yake ilikuwa imeshika mizizi kwa muda wa miezi minne. Nilikuwa nimetimiza kila ninachokisoma katika miongozo: tangi lilikuwa limekomaa, samaki walikuwa kundi kamili, na hapakuwa na samaki mkubwa wa kuwameza. Baada ya wiki tatu walikuwa wamebaki wawili. Niliporudi dukani kuuliza, muuzaji alinijibu kwamba maji ni maji, kisha akaniuzia kichupa cha dawa ya kushusha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, na siku mbili baada ya kuitumia hao wawili nao wakafa.

Nyumbani kwetu tunatumia maji ya kisima kirefu, na kwa miezi yote hiyo sikuwahi kupima ugumu wake. Sisi watu wa pwani tunaishi na ugumu huo kila siku: sabuni inakataa kutoa povu, birika linashika ukoko mweupe, nywele zinakakamaa baada ya kuoga. Unatokana na kalsiamu na magnesiamu ambazo maji huziyeyusha yanapopenya katika mwamba, hasa mwamba wa chokaa na matumbawe kama ule unaotoa maji ya visima vingi vya Unguja na Mombasa. Nilipoyapima hatimaye, maji yangu yalisoma digrii 22 za ugumu kwa kipimo cha Kijerumani. Neon tetra asili yake ni vijito vya bonde la Amazon, ambako maji yana madini machache mno, na hata wale waliozalishwa mashambani, ambao ni wavumilivu zaidi, sishauri wawekwe katika maji yanayozidi digrii 10 au 12.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia rangi, wala chakula, wala idadi ya samaki kwa kila lita. Hayo yameandikwa vya kutosha. Wasomaji wanaoniandikia kwamba samaki wao wanakufa mmoja mmoja bila ugomvi na bila ugonjwa unaoonekana, karibu wote wanaponijibu swali la maji hueleza kisima, na karibu wote wameshauziwa kile kichupa cha pH. Naomba nikieleze hapa, kwa sababu kinauzwa kama tiba na kwa maji kama yangu ni hatari. Kichupa kile ni asidi. Hakiondoi kalsiamu hata chembe. Kinashusha pH kwa saa chache, halafu kabonati zilizomo ndani ya maji magumu zinaidhibiti asidi hiyo na pH inapanda tena. Mnunuzi akiona imepanda anaongeza matone, inashuka, inapanda, na samaki ambaye pengine angeizoea pH ya 8 iliyotulia anauawa na kule kupanda na kushuka.

Ununuzi wa kwanza, kabla ya samaki yeyote, uwe kipimo cha ugumu. Mimi natumia kipimo cha matone cha kampuni ya API na sina sababu ya kuficha kwamba nakipendelea kuliko vyote nilivyojaribu. Unajaza kijichupa mililita 5 za maji na kuhesabu matone hadi rangi ya machungwa igeuke kijani. Kila tone ni digrii moja, na hata mtoto anaweza kusoma jibu. Angalia jambo moja: sanduku kubwa la API la maji yasiyo ya chumvi, lile lenye vipimo vya pH, amonia, nitriti na nitrati, halina kipimo cha ugumu. Kinauzwa peke yake kikiwa na chupa mbili, GH kwa ugumu na KH kwa kabonati. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba sanduku kubwa lina kila kitu, nami nikalipa bei yake nzima na kurudi nyumbani bila kile nilichokifuata. Vipande vya karatasi vya kuchovya ni rahisi kwa bei, lakini rangi zake hukisiwa tu.

Ukishajua namba yako, orodha inajipanga yenyewe. Kwa maji magumu, yaani digrii 12 na kuendelea, nafasi ya kwanza naipa platy bila kusita. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, maji yenye madini humpa afya, hukua hadi sentimita 5 au 6, hagusi mapezi ya wenzake na hang'oi mimea. Nunua dume mmoja kwa majike wawili au watatu ili majike wasisumbuliwe, na ujue kwamba huzaa takriban kila baada ya wiki nne, hivyo msitu wa mimea ndio utakaoficha watoto. Wa pili ni molly, ambaye hulamba mwani kwenye majani na huvumilia hata maji yenye chumvi kidogo. Nimemshusha nafasi moja kwa sababu hufikia sentimita 8 hadi 10 na anahitaji tangi refu. Wa tatu ni danio mwenye milia, samaki wa Asia Kusini ambaye maji ya aina nyingi humfaa, mradi wawe sita au zaidi na tangi liwe na mfuniko, maana huruka. Kwa sakafu ya tangi chagua kambare wadogo aina ya corydoras, hasa aeneus na paleatus, waliokwisha kuzoea maji ya wastani, na uwawekee mchanga laini badala ya kokoto kali. Guppy wa bei rahisi nao watafaa. Katika mimea, valisneria yenye majani kama utepe hustawi katika maji haya haya, kwani hutumia bikabonati iliyomo ndani yake, na ni mmea unaoota hata katika Ziwa Tanganyika.

Msomaji wa Mwanza anayechota maji ya Ziwa Victoria ana bahati ambayo mimi sina, kwa kuwa maji yale ni laini. Kwake orodha inageuka juu chini: neon na rasbora harlequin wawe mbele, kisha corydoras, na molly awe wa mwisho kabisa, kwa sababu molly katika maji laini hudhoofika na kuanza kutikisika mahali pamoja kama mwenye homa. Asiweke makombe wala mawe ya matumbawe kama mapambo kabla ya kuyadondoshea siki. Yakitoa povu, yatakuwa yakiongeza ugumu polepole. Kuwachanganya neon na molly katika tangi moja, jambo ambalo maduka hufanya kila siku, ni kumwonea mmoja wao, hata kama hawagombani.

Malalamiko yangu kwa wauzaji yapo hapa. Katika maduka yote niliyoingia, hakuna hata mmoja aliyeniuliza natumia maji gani. Duka lililoniuzia neon lilitumia maji ya bomba, na samaki walikuwa na afya pale walipokuwa. Walihamishwa katika mfuko wa nailoni kutoka maji yale kwenda maji ya kisima changu ndani ya nusu saa, na mtu aliyepokea fedha zangu alikuwa anayajua maji yake kuliko mimi. Bei nayo inaniuma. Tunatozwa fedha nyingi kwa samaki wa Amazon, ilhali Ziwa Tanganyika, lenye pH inayokaribia 9, lina samaki ambao kwa miongo mingi wamesafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya matangi ya watu wa huko, na mimi sijawahi kuwaona katika duka lolote la mtaani kwangu.

Ukienda dukani, chukua kipimo chako na uombe kijichupa cha maji ya tangi wanamokaa samaki unaowataka. Tofauti ikiwa ni digrii mbili tatu, nunua. Ikiwa ni kubwa kuliko hapo lakini samaki ni wa aina inayovumilia maji yako, waweke kwenye ndoo na uwadondoshee maji ya nyumbani kwa mpira mwembamba kwa saa mbili kabla ya kuwahamisha. Muuzaji akikataa kukupa maji ya kupima, usinunue kwake.