Kigari cha mapacha: kipi ununue, kipi uache

Habari ya mapacha ikishawafikia ndugu, ushauri hauishi. Shangazi aliyeko Uingereza anauliza akuwekee kigari kwenye kontena. Winga wa Kariakoo anakutumia picha kwenye WhatsApp, na kila kilichomo ni "kipya kabisa, bosi". Picha zote zinavutia kwa sababu zimepigwa juu ya vigae. Wewe unakaa Mbagala, Goba au Kitengela, na kati ya geti lako na lami kuna mchanga, kokoto, matuta na mtaro usio na mfuniko.

Ndiyo maana mpangilio huu unatazama njia kwanza, mlango pili, jina la kampuni mwisho. Vipo vigari vya bei kali nilivyoviweka chini, na lipo jibu moja ambalo wala si kigari cha watoto wawili.

Anza na futi ya fundi

Pima sehemu nyembamba kuliko zote unayopita kila siku. Mara nyingi si mlango mkubwa. Ni geti dogo, mlango wa wavu, au korido ya nyumba ya kupanga ambayo jirani amepanga ndoo zake za maji. Pima uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguliwa, usipime fremu, kwa sababu unene wa mlango na bawaba hula sentimita kadhaa. Vigari vingi vya watoto kukaa ubavu kwa ubavu vina upana wa sentimita 74 hadi 78, kwa hiyo mlango unaoitwa wa sentimita 80 unaweza kukukatalia.

Kisha piga hesabu ya uzito. Mtoto wa miaka miwili ana wastani wa kilo 12, wawili ni 24. Weka kigari cha kilo 15, begi la nepi na chupa za uji, unasukuma zaidi ya kilo 40. Kwenye lami hutazisikia sana. Kwenye mchanga wa Kigamboni utazisikia mabegani. Na kama unakaa ghorofa ya tatu bila lifti, zile 15 za kigari kitupu ndizo zitakazoamua, maana kuna mtu atazipandisha huku wengine wamebeba watoto. Ukiwa peke yako mchana kutwa, bila dada wala mama mkwe, kigari kizito ghorofani kitabaki chini kwa mlinzi.

Usafiri nao useme. Daladala na matatu usizihesabu. Konda atakutoza mzigo au hatasimama kabisa. Mwendokasi inawezekana saa za katikati ya mchana, kwa kuwa sakafu ya basi iko usawa wa kituo, lakini asubuhi na jioni usijaribu. Bajaji inabeba kigari kilichokunjwa ikiwa tu kinakunjika kikawa chembamba. Basi ukinunua, kikunje mbele ya muuzaji, na ukikunje wewe mwenyewe kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili utakuwa na mtoto.

Jambo la mwisho kabla ya mpangilio ni viti kulala. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37, na shingo zao huchelewa kukaza. Mtoto mchanga akikalishwa amejikunja, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Miezi sita ya mwanzo viti vyote viwili vinapaswa kulala karibu tambarare. Muuzaji atakulazia kimoja kwa mbwembwe. Laza na cha pili mwenyewe. Kuna vigari ambavyo cha nyuma kinalala vizuri na cha mbele kinainama kidogo tu, na hapo kila siku itabidi uamue kati ya Kulwa na Doto nani alale.

1. Ubavu kwa ubavu, magurudumu makubwa

Kwa mapacha wanaotoka nje ya geti kila siku, hiki ndicho cha kwanza na sioni mpinzani. Uzito wa watoto unakaa sawa pande zote, kila mmoja ana kivuli chake na kiti kinacholala bila kumsumbua mwenzake, na hakuna ugomvi wa nani akae mbele. Ukifika kwenye tuta unagandamiza mpini, magurudumu ya mbele yananyanyuka, unapanda. Gurudumu kubwa hupita juu ya mchanga na mashimo, wakati dogo la sentimita 15 hujichimbia.

Baby Jogger City Mini GT2 Double ni mfano mzuri: upana wa sentimita 76 hivi, uzito unaozidi kidogo kilo 16, kinakunjika kwa kuvuta mkanda wa kwenye kiti, na matairi yake hayajazwi upepo. Mountain Buggy Duet ya New Zealand ina upana wa sentimita 63 tu, na kwa nyumba zetu za milango myembamba hiyo ni nafuu kubwa. Viti vyake navyo ni vyembamba, kwa hiyo mapacha wenye afya zao wataanza kusukumana mapema. Bugaboo Donkey inatanuka kutoka sentimita 60 hadi 74, imetengenezwa vizuri mno, na ikiwa mpya bei yake inapita dola 1,000. Akikununulia mtu, pokea kwa mikono miwili. Kwa hela yako mwenyewe, tafuta ya mtumba.

Matairi ya upepo yanalainisha safari kuliko aina nyingine yoyote, ila miiba nayo ipo. Soma maandishi ubavuni mwa tairi. Ukikuta 12½ × 2¼, hiyo ni saizi ya baiskeli ndogo ya mtoto ya inchi 12, na fundi baiskeli wa mtaani atakuwa na tyubu na atakuzibia pancha. Ukikuta saizi ya ajabu, kila pancha itakuwa safari ya kutafuta tyubu mjini.

Aina ya magurudumu matatu iliyotengenezwa kwa ajili ya kukimbia nayo iko kwenye kundi hili, ingawa ni ndefu na inakula buti yote. Ukikuta BOB ya zamani, tazama kishikio kinachofunga gurudumu la mbele. Mwaka 2018 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliishtaki Britax, kampuni yenye jina hilo la BOB, kwa sababu gurudumu la mbele la vigari hivyo lilikuwa likichomoka pale kishikio hicho kisipokazwa sawasawa.

2. Ubavu kwa ubavu, chepesi cha kukunja

Hivi ni vile vya kukunja mithili ya mwavuli. Vingi vina kilo 9 hadi 12, vinaingia kwenye bajaji, vinapanda ngazi, na mtumba wake ni wa bei rahisi. Kwa familia ya ghorofani yenye lami hadi mlangoni, au ambayo kigari kinatumika siku ya kliniki, kanisani na Mlimani City tu, hiki kinashinda namba moja. Nimekiweka cha pili kwa sababu ya magurudumu yake madogo, na kwa sababu vingi havilali vya kutosha kwa watoto wachanga. Kinunue watoto wakishaweza kukaa.

Kwenye kundi hili Maclaren ndilo jina utakalolikuta sana mitumbani. Novemba 2009 vigari vya Maclaren vipatavyo milioni moja vilitangazwa kurudishwa Marekani baada ya taarifa 12 za watoto kukatwa ncha za vidole na bawaba za kukunjia, na vile vya mapacha, Twin Triumph na Twin Techno, vilikuwamo. Dawa ilikuwa vifuniko vya kufunika bawaba. Kwa hiyo ukishika Maclaren ya miaka hiyo isiyo na vifuniko pale chuma kinapojikunja, irudishe ilipokuwa.

3. Kigari cha mtoto mmoja na mbeleko

Kwa mapacha hiki ni cha tatu. Kwa ndugu waliopishana mwaka mmoja na nusu au zaidi, nakipandisha cha kwanza, na najua wauza vigari hawatanipenda. Mdogo anakaa mgongoni, mkubwa anakaa kwenye kigari kizuri cha mtu mmoja chenye magurudumu ya maana. Mkono mmoja unabaki huru, milango yote inapitika, na hela iliyobaki ni ya nepi. Mdogo akikua anashuka kwenye kigari, na mkubwa anasimama kwenye kibao kinachofungwa nyuma; vibao vingi hubeba mtoto hadi kilo 20. Mtoto wa miaka mitatu hataki kusukumwa muda mrefu hata hivyo. Anataka kutembea, achoke, apande, ashuke tena.

Kwa mapacha wachanga njia hii inachosha mgongo haraka, hasa kama mama alijifungua kwa upasuaji. Lakini kama baba au dada yupo kwenye safari, mbeleko moja na kigari kimoja vitawavusha miezi mingi kabla hamjanunua chochote.

4. Mmoja mbele, mmoja nyuma

Faida yake ni moja na ni kubwa: kina upana wa kigari cha kawaida. Kinapita kwenye korido, dukani, kwenye foleni ya kliniki. Kama futi yako imekupa sentimita 65, huenda huna njia nyingine.

Nje ndipo kinapokusumbua. Mtoto wa mbele amekaa karibu na magurudumu ya mbele, kwa hiyo kila tuta unanyanyua na yeye. Kugeuza kunataka uwanja. Wa nyuma haoni kitu ila mgongo wa kiti, na akishajua kupiga teke, mwenzake atajua. Graco na Chicco wanavitengeneza kwa bei ya wastani na kikapu kikubwa cha chini, kizuri kwa soko. Vinunue kwa njia ya lami na vigae, si kwingine.

5. Kinachoanza kimoja kikawa viwili

UPPAbaby Vista na wenzake. Unanunua kigari cha mtoto mmoja, baadaye unaongeza kiti cha pili kwa bei yake. Kwa mapacha hiyo ni kulipa mara mbili siku moja. Shaka yangu kubwa iko kwenye kile kiti cha chini, kinachomweka mtoto usawa wa bomba la moshi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey walieleza kwamba watoto walio kwenye vigari wanaweza kupata hewa chafu hadi asilimia 60 zaidi ya watu wazima, kwa sababu wako chini. Waliyasema hayo kwa barabara za Uingereza. Jumlisha vumbi la kiangazi la kwetu.

Vile vya mmoja kukaa na mwingine kusimama nyuma sivipi namba. Kwa mapacha havifai, na kwa ndugu kibao cha namba tatu kinafanya kazi hiyohiyo.

Jua, na kanga juu ya kigari

Kivuli kirefu kinachoshuka hadi usawa wa magoti kina maana kuliko kishikio cha chupa na mapambo yote. Kivuli kikiwa kifupi mama hutupia kanga juu, na hapo ndipo hatari ilipo. Jaribio la Chuo Kikuu cha Sydney lilionyesha kitambaa chepesi kikavu kikifunika kigari kinaongeza joto ndani kwa zaidi ya nyuzi 2, ilhali kilicholoweshwa maji, kikisaidiwa na feni ndogo, kilishusha joto kwa karibu nyuzi 5. Februari ya Dar au Mombasa haina nafasi ya nyuzi za nyongeza. Chagua kiti chenye mgongo wa wavu, na ukilazimika kufunika, lowesha kanga, acha upande mmoja wazi, na chungulia kila mara.

Ukifika kwa muuza mtumba

Nenda na mifuko miwili ya sembe ya kilo 10. Watakucheka, wacheke. Iweke kwenye viti, ifunge mikanda, kisha omba kutoka nje ya kibanda hadi penye mchanga. Sukuma, geuza kwa mkono mmoja, panda ukingo wa barabara. Funga breki kwenye mteremko na uachie mpini. Toa mfuko mmoja usukume tena: kigari cha ubavu kwa ubavu kitavuta upande kidogo, hiyo ni kawaida, ila kikikimbilia mtaroni ekseli imepinda.

Mikanda iwe ya sehemu tano kwa kila mtoto: mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya miguu. Uliokatika na kufungwa fundo usikubali, hata kwa punguzo. Nusa godoro la kiti. Kitambaa kinafulika, lakini sponji iliyoota ukungu ndani ya kontena haiponi. Vigari vilivyokaa Unguja au Tanga karibu na bahari, tazama kutu kwenye ekseli na skrubu za breki kabla ya kutazama rangi.

Na gurudumu likikosekana, utaambiwa spea zipo, zinakuja na mzigo wa wiki ijayo. Mwambie alete gurudumu, alifunge mkiwa wote mnaona, ndipo hela itoke.