GPS ya boti ya uvuvi: ipi ununue kwanza, na uifunge wapi chumvi isiiue

Mwaka juzi, wakati wa maleleji, nahodha mmoja wa Kilindoni alinipigia simu. GPS yake mpya haishiki satelaiti. Nikavuka kwenda Mafia na kisanduku changu cha vifaa. Boti yenyewe ni ya faiba, futi 26, mashine moja ya 40, na antena ya nje iliyofungwa juu ya bomba la chuma pale tezi. Nilipokifungua kiungo cha kebo, yalitiririka maji ya kijani. Uzi wa shaba wa katikati ulikatika nilipougusa kwa ukucha. Satelaiti zilikuwa zikizunguka kama kawaida, kilomita 20,200 juu yetu. Kilichokufa ni kiungo kidogo ambacho hakuna aliyekiziba.

Nimefunga na kutengeneza vifaa hivi kwa miaka tisa, na karibu kila "GPS mbovu" niliyoitiwa ilikuwa hivyo: kiungo kimelowa, betri imechoka au waya umeunganishwa ovyo. Ndiyo maana nikipanga vifaa kwa ubora sianzi na usahihi. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuichafua makusudi ishara ya GPS ya raia, hata kifaa cha bei ya chini kinakuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache tu kama anga iko wazi. Hizo zinatosha kulirudia dema au mwamba. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu kifaa kina WAAS au EGNOS, mifumo ya kuisahihisha GPS, kataa. Ya kwanza ilijengwa kwa ajili ya Marekani ya Kaskazini, ya pili kwa ajili ya Ulaya. Pwani yetu haimo katika hesabu zao.

Jiulize mambo mawili tu. Boti yako ina umeme gani? Na kifaa kikilowa, nani atakishughulikia?

Ya kwanza: GPS ya mkononi inayoelea

Kwa ngalawa, mashua, dau na boti nyingi za faiba zisizo na kibanda, naiweka hii juu ya zote. Garmin GPSMAP 79s na GPS 73 zote mbili zinaelea zikidondoka majini, na zote zinatumia betri mbili za kawaida za AA, zile zinazouzwa hata duka la kijijini. Hakuna waya, hakuna fyuzi, hakuna tundu la kutoboa. Safari ikiisha unaondoka nayo, kwa hiyo haiibiwi usiku boti ikiwa nangani. Ukiipata GPSMAP 78 iliyotumika na yenye hali nzuri, nayo inaelea na ni ya kuaminika.

Ubaya wake ni skrini ndogo, na baharia hupenda kuiweka mfukoni au chini ya benchi huku akitarajia ishara. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji huizuia ishara hiyo. Ifunge kwa kamba mahali inapoona anga, mbele ya mshika usukani.

Angalia mpira wa mfuniko wa betri kabla hujalipa. Maandishi ya IPX7 yana maana kwamba kifaa kimepimwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, mpira ukiwa mzima na mfuniko umefungwa. Chembe moja ya mchanga kwenye mpira huo inaondoa hakika yote. Na boti ikipandishwa pwani miezi ya kusi, toa betri. Nimeshakuta betri zilizovuja na kuzila teminali hadi zikabaki unga.

Ya pili: fishifainda yenye GPS ndani yake

Kwa boti ya faiba yenye betri ya volti 12, mashine ndogo kama Garmin Striker 4 ndiyo inayokupa faida kubwa kwa fedha zako: inapima kina, inaonyesha samaki na sakafu ya bahari, inahifadhi pointi zako, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko GPSMAP 79s. Haina ramani. Kwa mvuvi anayeijua bahari yake si kasoro kubwa. Kwa mgeni wa eneo ni hatari, kwa kuwa haitakuonyesha fungu lililo mbele yako. Boti zinazokwenda Fungu Mbaraka usiku zinajua ninachosema: kisiwa ni cha chini mno, hukioni mpaka umekikaribia.

Inakula chini ya nusu ampia. Betri ya pikipiki ya 7 Ah yenye afya inaiendesha usiku mmoja. Lakini kumbuka kwamba mashine nyingi za kuvuta kwa kamba hazichaji betri mpaka zifungiwe kifaa chake cha kuchajia, kwa hiyo panga paneli ndogo ya sola au chaji nyumbani. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na skrini, ili waya ukichubuka njiani usiwashe moto. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati. Waya wa taa za nyumbani huwa mweusi ndani ya plastiki kabla ya mwaka, ukianzia ncha na kupanda juu.

Ya tatu: antena ya nje yenye skrini yake

Hapa ndipo wenye boti kubwa huniuliza kwa nini nimeishusha. Kama kifaa, ndiyo bora kuliko zote. Furuno GP-33 na antena yake ni mashine ngumu ambayo wavuvi wa nchi nyingi wanaijua, na Garmin GPS 24xd inapokea masafa mawili ya satelaiti na kuzipelekea skrini kadhaa kwa mara moja. Kama una kibanda cha chuma, redio ya VHF, AIS (kifaa kinachoionyesha boti yako kwa vyombo vingine) na usiku kadhaa baharini, nunua hii, wala usihangaike na mbili za juu ila kama akiba. Lakini kwa boti ya wazi ya futi 26 inaongeza viungo, na kila kiungo ni mlango wa chumvi. Usivutwe na sifa ya kutuma vipimo mara kumi kwa sekunde: ukienda noti nane unasogea kama mita nne kwa sekunde, na kipimo kimoja kila sekunde kinakutosha.

Kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa zaidi na mafundi, nitakaa hapa kidogo.

Watu hudhani antena lazima iwe juu kabisa ya mlingoti. Sivyo. Inachotaka ni kuona anga pande zote, na ikiwa juu sana hubembea na mawimbi, halafu skrini inakuambia unakwenda noti mbili wakati uko nangani. Ifunge chini kadiri inavyoweza bado kuona anga, umbali wa mita moja au zaidi kutoka antena ya VHF, na nje kabisa ya njia ya miale ya rada. Bomba la kawaida la kufungia lina nyuzi 14 kwa inchi, kipenyo inchi moja. Hakikisha kabla hujasafiri, maana bomba la maji halitaingia.

Ishara inapita kwenye faiba. Kama boti yako ina paa la faiba tupu, unaweza kuifunga chini ya paa, ndani, ambako haipigwi na chumvi wala haionekani na mwizi. Haipiti kwenye bati, wala turubai lenye karatasi ya alumini. Kwa hiyo usitoboe siku ya kwanza. Ibandike kwa tepu, nenda safari moja, fungua ukurasa wa satelaiti na utazame HDOP, namba inayosema satelaiti zimekaa vizuri kiasi gani; ikiwa ndogo ni bora. Ikikaa chini ya 2 boti ikigeuka pande zote, hapo ndipo mahali pake.

Halafu washa na uzime vifaa vingine kimoja kimoja huku unautazama ukurasa huo. Taa za LED na chaja za simu za bei rahisi huweza kuvuruga ishara hii dhaifu. Nahodha mmoja alihangaika miezi miwili. Tulipochomoa chaja ya simu, satelaiti zikarudi.

Kebo usiikate. Ikiwa ndefu, ikunje kwa duara pana uifunge kwa kamba. Ikiwa fupi, usiiunge kwa kebo ya runinga: hiyo ni ya omu 75, na ya antena nyingi za GPS ni ya omu 50. Kabla haijaingia kwenye tundu, iache ining'inie chini kidogo ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Tundu lizibe kwa Sikaflex 291 au gundi kama hiyo ya boti. Silikoni inayonuka siki usiisogeze karibu na umeme, kwa sababu siki hiyo inakula shaba. Kiungo chenyewe kizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta unapoizungusha, kutoka chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji.

Ukitumia NMEA 2000, mtandao wa waya unaounganisha vifaa vya boti, zima umeme upime kwa maltimita kati ya nyaya mbili za data: uone kama omu 60. Ukipata 120, rezista moja kati ya zile mbili za ncha za mtandao haipo.

Ya nne: simu

Simu ina GPS ya kweli na haihitaji mtandao wa simu kujua ilipo, mradi ramani umeipakua ukiwa nchi kavu. Nakubali kabisa kila boti iwe nayo kama akiba, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kama kifaa kikuu, hapana. Kidole chenye chumvi hakiiongozi skrini iliyolowa, jua la saa sita huizima kwa joto, na ni simu hiyo hiyo utakayoitegemea kuomba msaada.

Ya mwisho: antena zisizo na jina, na mitumba ya zamani

Nilishawahi kununua antena ya USB isiyo na jina kutoka duka moja mjini. Ilidumu bamvua mbili. Kuhusu mitumba, kitoe kifaa nje ya duka kikiwa hakijawashwa, ukiwashe huko. Kikianza kutoka sifuri kinaweza kuhitaji hadi dakika 12 na nusu kupokea ratiba nzima ya satelaiti, basi mpe muuzaji nafasi. Kisha soma tarehe. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila wiki 1,024, na mara ya karibuni ilikuwa Aprili 2019. Kifaa kinachoonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita hakikuandaliwa kwa hilo. Mahali huenda kikaonyesha sawa, lakini kiache.

Chochote utakachonunua, siku ya kwanza kiweke kwenye WGS 84, kipimo cha ramani kinachotumiwa na GPS yenyewe. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa kipimo kingine, Arc 1960, na kuchanganya hizo mbili kunakusogeza mamia ya mita. Kubaliana pia na wenzako namna ya kusoma namba. 7°56.500' si dakika 56 na sekunde 50. Ni dakika 56 na nusu. Ukiisoma vibaya umekosea zaidi ya mita 600, na dema lisilo na boya hutaliona tena.

Matunzo ni mepesi. Kila safari pangusa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, usitumie petroli wala thina kwenye plastiki, usiipake rangi antena. Kabla ya kaskazi na kabla ya kusi fungua viungo vyote, kausha, paka grisi isiyopitisha umeme, funga upya.

Na pointi zako, ulizozikusanya kwa miaka, ziandike kwenye daftari kwa mkono. Ukipeleka kifaa kwa fundi, hata mimi, zifute kwanza. Daftari likae nyumbani, si kwenye boti.