Garmin GNS 430W ndani ya Cessna: kabla ya kulaumu setilaiti, kagua waya

GNS 430, kifaa cha ndege chenye GPS ya kuongozea safari na redio ya kuongea, ilitoka mwaka 1998, toleo la W likaja baadaye, na leo Garmin hawaziuzi tena mpya. Hata hivyo si ajabu kuikuta kwenye dashibodi ya Cessna 172 au 206 pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kwenye soko la mitumba bado ina wateja.

Kwa kuonyesha mahali, hatuna ugomvi nayo. Anga likiwa wazi hukosea kwa mita chache tu, na W husoma mahali mara 5 kwa sekunde. Safarini, sindano inayoonyesha umetoka njiani kiasi gani ikigonga ukingo umetoka njiani maili 2 za baharini, na hata wakati wa kutua kipimo hicho ni maili 0.3. Mita chache hazionekani hapo.

Herufi W isikudanganye. Inasimamia WAAS, mfumo wa kusahihisha GPS kwa setilaiti za ziada, nayo ni huduma ya Amerika Kaskazini. Huku kwetu usitarajie LPV, yaani GPS kukuongoza hadi kimo cha kushuka; utashuka kwa LNAV, inayokuongoza kushoto na kulia tu, huku ukichunga kimo mwenyewe. Chombo kinahitaji setilaiti 5 kugundua kwamba moja inadanganya, na 6 ili kuitenga. Maandishi ya LOI, onyo kwamba GPS haiaminiki tena, yakitokea chini kushoto mwa skrini, usibishane nayo: hamia VOR (vituo vya redio vya ardhini vya kuongozea ndege) au ramani.

Mchawi mara nyingi yumo ndani ya ndege yenyewe, nayo ni redio. Mawimbi ya GPS yako 1575.42 MHz, tena dhaifu mno. Redio ya kuongea huweza kuvujisha pia mawimbi ya masafa yake yaliyozidishwa, nayo huangukia karibu na hapo: zidisha 121.150 kwa 13 unapata 1574.95; zidisha 131.250 kwa 12 unapata 1575.00. Redio inayovujisha mawimbi hayo huiziba GPS kila rubani anapobonyeza kitufe cha kuongea. Kipimo chake ni rahisi: ndege ikiwa nje ya hanga na GPS imeshika setilaiti, kwa idhini ya mnara, rusha mawimbi ya redio sekunde 35 kwenye kila moja ya masafa haya: 121.150, 121.175, 121.200, kisha 131.250, 131.275 na 131.300, ukitazama kama LOI inatokea. Ikitokea, fundi aanze na viungio vya waya wa antena, aangalie antena ya ELT (redio ya dharura ya kutafutia ndege iliyoanguka), kisha afikirie kichujio kwenye waya wa redio.

Kimo cha GPS kiache kama kilivyo. Hewa ikizidi joto la kawaida kwa nyuzi 15, ukiwa futi 4,000 juu ya uwanja altimeta, inayopima kimo kwa shinikizo la hewa, itasoma pungufu kwa takriban futi 240, kwa hiyo haitalingana na GPS. Wenzako wote angani wanafuata altimeta, nawe fuata hiyo hiyo.

Data ya njia na viwanja, inayokaa kwenye kadi ya kifaa, hubadilika kila siku 28. Muuzaji akikuonyesha kadi iliyokwisha muda, hilo si tatizo, utalipia mpya. Muulize antena. Ile ya zamani, GA 56, haifai kwa W. Inatakiwa ya WAAS, mfano GA 35, na akiuza chombo bila antena hiyo, punguza bei.