Kozi ya udereva wa kujihami: mwalimu mwenyewe hajihami

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Leseni ninayo mwaka wa tisa huu. Baada ya kuigonga bajaji ya watu kwa nyuma pale Mbezi (dereva hakuumia, nililipia taa na bampa), nikaona bora nikasome udereva wa kujihami kabla sijaua mtu. Chuo sikitaji. Wa njia ya Morogoro mtajua wenyewe.

Darasani sina neno. Mwalimu anajua kazi. Alituambia ukiwa spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo acha sekunde mbili nyuma ya mwenzio, na mvua ikinyesha uongeze. Unachagua nguzo, gari la mbele likiipita unaanza kuhesabu mpaka na wewe uifikie. Nikaandika yote kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa ngoja siku ya barabarani. Tuko wanafunzi wanne, usukani kashika yeye eti atuonyeshe. Tumeipita Kibamba, simu ikaita. Akapokea! Mkono mmoja sikioni, na mbele yetu semi ya saruji, karibu kiasi kwamba nilisoma namba ya simu ya mwenye mali iliyochorwa kwenye tela. Nikahesabu kimoyomoyo, hata sekunde moja haikutimia. Nikamuuliza kwa adabu, "Mwalimu, hapa tumeacha sekunde ngapi?"

Akageuka. Yaani aligeuka kuniangalia, gari linakwenda!

"Mama, hayo ya sekunde si tulishayamaliza darasani? Hapa tupo barabarani."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kama vile kuna breki, mpaka tuliporudi.

Nilitaka niishie hapo, niwaambie msiende. Lakini nisiwe mnafiki. Ni huyohuyo aliyetuambia kwamba ukikuta daladala limesimama kituoni, achana na madirisha, chungulia chini ya gari utafute miguu. Juzijuzi asubuhi nimekuta Hiace imesimama, nataka kuipita. Chini ya bampa la mbele nikaona soksi nyeupe na viatu vyeusi. Nikasimama kabisa. Katoto ka shule, begi kubwa kuliko mgongo, kakakatiza mbio bila hata kutazama upande wangu. Nilibaki pale mikono inatetemeka hadi wa nyuma wakaanza kunipigia honi.

Kwa hiyo siwezi kusema hela yangu imeliwa. Nendeni, basi. Siku ya barabarani semeni mna msiba.

Ila cheti hadi leo sijapewa. Nikimpigia anapokea upesi sana, na nyuma ya sauti yake nasikia injini. Nakata mwenyewe.