Tahadhari: "Kifurushi cha Paris" chenye chumba kisichokuwepo na bima ya kughushi

Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayepanga safari fupi ya kwenda Paris peke yake akitokea Dar es Salaam, na hasa yule ambaye ameshatumiwa tangazo la "kifurushi" chenye viza, tiketi, bima na chumba kwa bei moja. Nilikinunua kifurushi hicho kwa ajili ya likizo ya siku tano, nikapoteza shilingi 1,640,000. Jina la ukurasa sitalitaja, kwa kuwa limeshabadilishwa mara mbili tangu hapo na suala lenyewe liko polisi; nitakachoeleza ni namna wanavyofanya kazi yao, maana hiyo haijabadilika.

Mazungumzo yalianza kwa ustaarabu kabisa. Aliyejibu ujumbe wangu alijitambulisha kuwa ofisa wa huduma kwa wateja, akaniita "dada yangu", akauliza ninasafiri na nani. Nilipomwambia kuwa ninakwenda peke yangu, alinionya kwamba ubalozi huwanyima viza wanawake wanaosafiri wenyewe, isipokuwa maombi yao yakipitia kwa wakala "anayetambulika". Maneno hayo ndiyo yaliyonifunga. Baadaye, nilipokaa nikayasoma masharti kwa utulivu, niliona kwamba kusafiri peke yako si kasoro katika maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Kinachoangaliwa ni sababu ya safari, mahali pa kulala, uwezo wa kujikimu na ushahidi kwamba utarudi nyumbani, na mwenye kuamua ni ubalozi tu. Wakala anayekuahidi viza ya uhakika anauza kitu asichokuwa nacho.

Alidai euro 180 akisema ni ada ya viza "pamoja na miadi ya haraka". Ada ya viza ya muda mfupi kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo cha kupokea maombi huongeza gharama yake ya huduma ambayo hutangazwa wazi. Kwa Ufaransa, mwombaji hujaza fomu mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya France-Visas bila kulipia ujazaji huo, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Mimi nilikuwa na miezi miwili na nusu mkononi. Haraka sikuwa nayo, niliuziwa.

Nililipa kwa simu, kwa awamu mbili. Kila mara, kabla sijaingiza namba ya siri, skrini ilinionyesha jina la mtu binafsi na si jina la kampuni lililoandikwa kwenye risiti waliyonitumia. Niliuliza, nikajibiwa kwamba huyo ni mhasibu wao na kwamba laini ya kampuni ilikuwa "kwenye matengenezo". Nakiri kwamba hapo niliingizwa mjini nikiwa macho makavu.

Kilichonizindua ni adapta. Siku moja nikiwa Kariakoo niliingia duka la vifaa vya umeme kutafuta adapta ya kuchajia simu, na muuzaji akataka kujua soketi za huko niendako zikoje. Nikafungua picha za chumba nilichokwisha kulipia, studio ya ghorofa ya nne karibu na Montmartre, nikaikuza picha ya kitanda mpaka soketi iliyo juu ya mto wa kushoto ikaonekana vizuri: matundu matatu ya mstatili na swichi pembeni, sawasawa na zilizopo sebuleni kwangu. Muuzaji aliitazama akasema, "Dada, hapa huhitaji adapta." Soketi za Ufaransa zina matundu mawili ya duara na kijiti cha chuma kinachochomoza. Chumba kile hakikupigwa picha Paris.

Usiku huo nilikaa na nyaraka zangu moja moja. Nilianza na chumba. Kwa utaratibu ulioanza Desemba 2017, anayepangisha nyumba yake mjini Paris kwa wageni wa muda mfupi hutakiwa kuisajili kwenye halmashauri ya jiji na kuiweka namba ya usajili kwenye tangazo, namba yenye herufi na tarakimu 13 kwa jumla, ikianza na 75. Niliiomba. Nikapewa namba ya tarakimu tisa, kisha kimya. Tiketi nayo haikuwa tiketi: nilikuwa nimepewa msimbo wa herufi sita tu, na nilipouingiza kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe nilikuta kwamba nafasi ilishikwa, haikulipiwa, ikafutwa. Tiketi iliyolipiwa huwa na namba yake ya tarakimu 13, ambayo mimi sikuwahi kupewa.

Bima ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, inayofaa katika nchi zote za eneo hilo kwa siku zote za safari, na cheti changu kiliyataja yote hayo kwa usahihi, kwa karatasi nzuri yenye nembo. Niliipigia simu kampuni iliyoandikwa juu yake, wakaitafuta namba ya bima, hawakuiona. Lau ningeiwasilisha, hati ya kughushi ingetosha kuwa sababu ya kunyimwa viza, na kumbukumbu ya maombi hayo hukaa miaka 5 katika mfumo ambao balozi za nchi nyingine za Schengen nazo huutazama. Fedha hutafutwa tena. Rekodi ya namna hiyo ingenifuata mimi, wala si wakala.

Mtu huyo huyo alikuwa ameshajitolea kuniandalia taarifa ya benki "iliyonona" kwa shilingi 200,000. Hilo nililikataa, namshukuru Mungu, na wala halikuwa na maana yoyote, kwa sababu Ufaransa humtaka msafiri aliyekwisha kupata hoteli aonyeshe euro 65 kwa siku, yaani euro 325 kwa siku zangu tano, na akiba yangu ilizidi hapo.

Niliripoti kwa mtandao wa simu siku iliyofuata, lakini fedha zilikuwa zimeshatolewa. Nilifungua jalada polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, na namba ya simu waliyotumia niliituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Aliyekwisha kulipa asifute mazungumzo hata yakimuudhi, na ahifadhi ujumbe wa kila muamala, kwa kuwa ndivyo vitu vya kwanza nilivyoulizwa kituoni. Ambaye bado hajalipa aiombe namba ya usajili wa chumba na namba ya tiketi kabla ya kutuma hata kianzio.

Juma lililopita rafiki yangu alinitumia tangazo jipya, ukurasa mpya, la siku nne za Roma. Kitanda ni kile kile, na soketi ya matundu matatu bado ipo juu ya mto wa kushoto.