AeroShell W100 Plus: oili ya ndege zinazolala kando ya ziwa

Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege nchini Uganda, iko karibu futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, jirani kabisa na Ziwa Victoria. Injini ya Lycoming, ya pistoni, inayolala pale haisumbuliwi na baridi; Entebbe usiku wa kawaida ni nyuzi 17 au 18. Inachosumbuliwa nacho ni unyevu. Kwa macho hayo ndiyo tumeipima W100 Plus, kwenye Cessna 172 na ndugu zake. Wenye Caravan hii haiwahusu: injini yake ya PT6A ni ya tabini na hutumia oili ya sintetiki ya tabini, na kopo moja likikosewa rafu ni kazi ya siku nzima.

Kwanza jina, maana linachanganya hata mafundi wa gari wazuri. Hiyo 100 ni hesabu ya zamani ya ndege, sawa na SAE 50. 80 ni SAE 40. W hiyo ya mbele nayo haina uhusiano wowote na majira ya baridi. Inakuambia kwamba oili ina kemikali ya kuufanya uchafu uelee hadi uishie kwenye filta, na kwamba kemikali hiyo ikiungua haiachi majivu. Oili ya gari, hata ile ya bei mbaya kule Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ina viungo vya metali. Vikiungua huganda juu ya pistoni, vikawa kaa la moto linalowasha petroli kabla ya plagi, na pistoni ikatoboka. Hapo hakuna mjadala.

"Plus" ni W100 ileile iliyoongezwa kinga ya msuguano na ya kutu. Faida yake unaiona ukikumbuka kamshafti ya Lycoming, shafti inayofungua vali, inakaa wapi: juu ya krankishafti, kileleni mwa injini, na sehemu kubwa ya oili yake huipata kwa kurushiwa. Ndege ikikaa wiki tatu, oili yote imeshatiririka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na chuma kimebaki wazi na hewa ya ziwa. Kutu inaanza na vidoa vidogo kwenye uso wa tapeti, kipande kinachosukumwa na kamshafti. Siku ya kuwasha, tapeti na kamu vinasagana vikiwa karibu vikavu, vidoa vinageuka mashimo, mashimo yanamenyeka, na miezi baadaye unakuta vipande vya chuma kwenye filta. Kiungo cha Plus hung'ang'ania chuma na kukipa sekunde hizo za mwanzo.

Oili nyingine ya AeroShell, W15W-50, ina kinga hiyohiyo, lakini unacholipia zaidi pale ni wepesi wakati wa baridi. Jedwali la Lycoming linaruhusu SAE 50 joto la nje likiwa juu ya nyuzi 16, kwa hiyo Kajjansi, Entebbe na Soroti zinaingia bila shida. Kisoro ni habari nyingine. Ndege inayolala huko milimani ichukue W80 Plus au hiyo 15W-50. Jambo jingine: 15W-50 ni nusu sintetiki, na sintetiki haipatani sana na madini ya risasi ya avgas 100LL, petroli ya ndege. Mobil AV 1, iliyokuwa sintetiki tupu, iliondoka sokoni miaka ya 1990 kwa sababu ya tope la risasi.

Ndege za shule zinazoruka kila siku hazihitaji Plus. W100 ya kawaida inatosha. Isipokuwa injini ni O-320-H2AD ya Lycoming. Hiyo imelazimishwa kupata kiungo LW-16702: ama uweke W100 na kichupa kimoja cha aunsi 6 (kama mililita 177) kila saa 50, ama utumie Plus, ambayo inacho tayari. Usiweke vyote viwili.

Kasoro yake? Inawapa watu usingizi. Plus haikaushi maji. Kuiwasha ndege dakika kumi chini na kuizima kunaongeza maji na asidi kwenye sampu badala ya kuviondoa. Iruke angalau saa moja kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93. Na umwagaji wa oili ni kila saa 50 kwa injini yenye filta, 25 kwa yenye chujio la waya tu, au miezi minne, lolote litakalotangulia. Hiyo miezi minne ndiyo watu hujifanya hawaioni.

Mwaga injini ikiwa ya moto. Filta ikatwe kwa kikata filta, msumeno utakuletea chembe zako mwenyewe. Nyoosha karatasi yake ya ndani juani, pitisha sumaku. Filta mpya ipakwe DC-4, grisi ya silikoni, kwenye gasketi, ikazwe futi-pauni 16 hadi 18, kisha ifungwe waya wa usalama. Ukiwasha, presha isipopanda ndani ya sekunde 30, zima. Ikicheza juu na chini wakati kiasi kiko sawa, angalia vali ya kupunguza presha kabla ya kulaumu oili: chembe moja chini ya kigololi cha vali hiyo inatosha.

Kijiti cha kupimia kinahesabu kwa kipimo cha Kimarekani, kwati, cha lita 0.946, wakati chupa nyingine ni za lita 1 kamili. Chupa nane za lita ni zaidi ya nane za kijiti kwa karibu nusu. Wala usijaze hadi 8 kwenye O-320 ya sampu kubwa. Inayozidi hutoka kwa bomba la kupumulia na kupaka tumbo la ndege, nawe ukadhani inakula oili. Ikae 6 au 7. Kikomo cha kula kwa injini ya nguvu-farasi 160 ni karibu nusu ya kipimo hicho kwa saa, na inayokaribia hapo tayari ina la kusema kuhusu ringi zake.

Injini iliyotoka ovahoo, yaani iliyofunguliwa na kutengenezwa upya, isipewe Plus mara moja. Kwa nyingi zisizo na tabo (turbochaja), anza na AeroShell 100 isiyo na W kwa saa 50 au hadi ulaji utulie, ringi zipate kukaa. H2AD, tena, ina sheria yake: kiungo LW-16702 tangu siku ya kwanza.