Wakala wa masomo ya ng'ambo katikati ya jiji: karatasi nyota tano, ushauri nyota mbili

Mimi nina saiba hapa mtaa wa Tom Mboya. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka Januari, kazi yangu kubwa hadi Agosti ni kuskani vyeti, kuprinti barua za ofa na kujaza fomu za watoto wanaotaka kusoma ng'ambo. (Mtaa umepata jina lake sawasawa. Tom Mboya ndiye aliyesaidia kupandisha wanafunzi 81 kwenye ndege moja kwenda Marekani mwaka 1959, na sidhani kama kuna aliyetozwa ada ya faili.)

Wateja wangu wengi huletwa na wakala mmoja aliye ghorofa ya nne, jengo ambalo ukitoka Kencom unafika kabla hujamaliza njugu zako. Mwaka huu zamu ikafika nyumbani. Kitinda mimba wetu alipata B, anataka uhandisi wa mitambo, na mama akaamua kuuza ploti ya Kitengela ili asome nje. Nikawapandisha wote wawili hadi huko juu. Jina la ofisi silitaji, kwa sababu bado wananiletea wateja, na nitakayoyasema hapa si yote matamu.

Kwa ufupi: kwa karatasi, hawa watu ni mafundi. Kwa kuchagua nchi na chuo, wasikuchagulie.

Nianze na ufundi. Kijana aliyetuhudumia alichukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na kitambulisho, akavipanga mezani kimoja chini ya kingine, akatoa rula. Akawa anaisogeza herufi kwa herufi, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kwenye cheti cha kuzaliwa mdogo wangu ni Dennis, n mbili. KNEC, baraza la mitihani, wamemwandika Denis, n moja. Kijana akasema, "Pasipoti itafuata cheti cha kuzaliwa. Ofa ya chuo itafuata KCSE. Siku ya viza hao watakuwa watu wawili." Akatuelekeza kwa kamishna wa viapo tule kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na akatuonyesha mahali pa kuomba masahihisho kwa KNEC wenyewe, kwa sababu kiapo peke yake wengine hukikataa. Yote hayo kabla hajatuuliza hata tunataka nchi gani. Ofisi nyingine ninazozijua mjini huuliza kwanza mna pesa ngapi.

Halafu benki. Pesa ya ploti ilikuwa imeshaingia kwenye akaunti ya mama. Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, kiasi kinachotakiwa lazima kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho kwenye taarifa ya benki isiwe imepita siku 31 unapotuma ombi. Kikishuka kidogo tu, hesabu inaanza upya. Kijana akazungushia tarehe kwa kalamu nyekundu.

"Mama, hii pesa usiiguse mpaka nikuambie."

"Na chama changu cha mwisho wa mwezi?"

"Chama lipa na M-Pesa. Hapa usitoe hata ya nauli."

Mama alimtii kuliko anavyomtii daktari wake wa presha. Na kwa kuwa akaunti ni ya mzazi, waliandaa barua ya idhini yake na kuiambatanisha na cheti cha kuzaliwa. Wakatukumbusha pia cheti cha kifua kikuu, ambacho anayeishi Kenya anahitaji akienda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita, na kinapatikana kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, si hospitali yoyote tu. Jambo jingine walilonifurahisha nalo ni IELTS, mtihani wa Kiingereza. Watu hulipia mtihani wa kawaida kumbe kwa kozi ya msingi iliyo chini ya kiwango cha digrii viza inataka ule unaoitwa IELTS for UKVI. Nimewahi kuprintia watu matokeo mazuri kabisa ya mtihani usiotakiwa. Hapa walilisema mapema, bila kuulizwa.

Kwa hayo yote nawapa nyota tano bila kinyongo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Tulihamishiwa meza ya pili, ya karibu na mlango, penye tabasamu zaidi na rula hakuna. Skrini ikageuzwa upande wetu: orodha ya vyuo, vingi vya Uingereza, vichache vya Kanada, Australia kidogo. Tukaelezwa kwamba vyuo vingi vya Uingereza havimchukui mtu wa KCSE moja kwa moja mwaka wa kwanza wa digrii, bali humpitisha mwaka wa msingi kwanza. Hilo ni kweli. Ambalo halikusemwa ni kwamba karibu kila mwaka wa msingi uliokuwa kwenye ile orodha hauendeshwi na chuo chenyewe. Unaendeshwa na kampuni binafsi iliyopewa nembo ya chuo.

Mimi nimeprinti barua nyingi mno kiasi kwamba macho yangu huanzia chini ya ukurasa. Juu kuna nembo ya chuo, inang'aa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna jina la kampuni nyingine na anwani ya barua pepe isiyo ya chuo. Si utapeli, kozi ni halali na wapo wanaopita vizuri. Lakini jioni ile nilipofungua tovuti za vyuo, nilikuta vingine vina mwaka wao wa msingi wanaoufundisha wenyewe, unaunganishwa na digrii, na kimoja kilikuwa nafuu kwa pauni elfu kadhaa kuliko tulichoonyeshwa. Hakikuwa kwenye orodha. Kesho yake nikarudi kuuliza kwa nini.

"Hicho hatuna mkataba nacho, madam."

Nikauliza: mkataba maana yake chuo kinawalipa?

Akacheka. "Hiyo ni ya wakubwa."

Basi acha niwaeleze ya wakubwa. Mlangoni pameandikwa USHAURI BURE, na ni bure kwako kwa sababu chuo ndicho kinacholipa. Mwanafunzi akishasajiliwa na kulipa karo, wakala hupata kamisheni, na kwa kawaida hukatwa kutoka karo ya mwaka wa kwanza. Karo ikiwa kubwa, kamisheni nayo hunenepa. Sisemi ni dhambi, hata mimi nikimpeleka mteja kwa mtu wa mihuri hapa chini huwa ananikumbuka. Lakini ukijua nani anamlisha, utaelewa kwa nini nchi fulani hazikuonekana kwenye skrini.

Mdogo wangu alikuwa na Ujerumani kichwani tangu kidato cha tatu. Jibu la mezani: "Ujerumani ni ngumu, lugha itakusumbua." Hakusema zaidi, akarudi Uingereza. Sasa, ni kweli ni ngumu, ila kuna mengi ya kusema kuhusu ugumu wenyewe. Vyuo vingi vya umma kule havitozi karo ya masomo hata kwa mgeni, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalomtoza asiye wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM cha Munich nacho kilianza kutoza wageni mwaka 2024. Mwenye KCSE tu mara nyingi hupitishwa Studienkolleg kwanza, mwaka wa matayarisho, na huko lazima uwe na Kijerumani cha kutosha. Kisha kuna akaunti ya kufungiwa pesa, euro 11,904 kwa mwaka, yapata shilingi milioni 1.8, unayoitoa kwa mafungu ya mwezi ukishafika. Kwa mama, kusikia kwamba ile pesa itakuwa ya chakula na kodi ya mtoto wake, na si karo ya kampuni, kungebadilisha mazungumzo yote. Vyuo vya umma vya Ujerumani havina desturi ya kulipa kamisheni. Ofisi ya DAAD, shirika la Ujerumani la mambo ya wanafunzi wa kigeni, iko hapa hapa Nairobi na kuwauliza ni bure. Anayetaka Marekani naye ana EducationUSA, washauri wa masomo wa serikali ya Marekani, pale ubalozini Gigiri, bure pia. Hakuna hata mmoja aliyetajwa na meza ya mlangoni.

Nikiwa hapo mlangoni, niseme kuhusu bango. Ukutani kuna picha ya baba, mama na mtoto wamevaa makoti mazito, chini imeandikwa SOMA NA FAMILIA YAKO. Tukiwa tunasubiri, mume na mke waliotoka Nakuru walikuwa wanauliza kuhusu digrii ya pili Uingereza, mume asome, mke na mtoto wamfuate. Wakaambiwa "itawezekana, tuanze na yako kwanza." Tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu mwanafunzi kuja na mke, mume wala watoto, isipokuwa walio kwenye kozi za utafiti kama uzamivu na wachache wanaofadhiliwa na serikali. Kanada nayo ilikaza mwaka huo huo: kwanza ikaweka ukomo wa idadi ya vibali vya wanafunzi, kisha ikabana vibali vya kazi vya wenzi wao. Hilo bango lilitakiwa kushuka zamani. Niliwafuata wale watu hadi kwenye lifti nikawaambia. Mke alikuwa ameshalijua, ni mume aliyekuwa hataki kusikia.

Insha ya kujieleza ni kasoro nyingine. Walimpa mdogo wangu mfano "wa kufuata". Nilipoufungua nikaujua mstari wa kwanza, kwa sababu printa yangu imeutoa mara nyingi: tangu utotoni nimekuwa nikivutiwa na jinsi vitu vinavyofanya kazi. Mwaka jana ulikuwa wa binti wa udaktari, ni neno "vitu" tu lililobadilishwa kuwa "mwili". UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, hupitisha maelezo ya waombaji kwenye programu ya kutambua unakili na huvijulisha vyuo. Isitoshe, mfano wenyewe ulikuwa wa mtindo wa zamani, insha moja ndefu, wakati kwa wanaoanza 2026 na kuendelea UCAS wameigawa kuwa maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na umejiandaa vipi nje ya darasa. Dennis aliandika yake upya akiwa kaunta yangu. Akaanza na jenereta ya kinyozi jirani ambayo huitengeneza stima ikipotea. Akataja kabureta, akataja harufu ya petroli kwenye vitabu. Hakuna utoto wala kuvutiwa.

Pia kuna zile haraka za uongo. "Nafasi zinaisha Ijumaa." Kwa kozi nyingi UCAS bado hupeleka maombi yako kwa vyuo hadi tarehe 30 Juni, mradi chuo bado kina nafasi. Unachagua hadi vyuo vitano, ada haifiki pauni 30, na unaweza kujaza mwenyewe kwa simu yenye intaneti nzuri. Ijumaa ilipita, na Jumatatu wakapiga simu kusema nafasi zimeongezwa.

Bei: ushauri bure, lakini ukikubali wakufungulie faili ni shilingi 15,000, hairudi. Wanatoa risiti na mkataba, usome ukurasa wa pili. Kwa haki yao, karo hawaigusi. Kijana wa rula alirudia kwamba pesa ya chuo huenda akaunti ya chuo moja kwa moja, si kwa ofisi, si kwa mtu. Baada ya tuliyoyaona Eldoret mwaka 2023, wazazi barabarani wakidai pesa walizolipia mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada, huo msimamo nauheshimu. Wakupe pia mapema hesabu ya ada ya afya ya Uingereza: pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa mwanafunzi, yote unalipa kwa mkupuo unapoomba. Sisi hiyo niliitaja mimi, na mama alinyamaza muda mrefu.

Tulivyofanya: vyuo tukachagua wenyewe mezani kwangu usiku, maombi tukatuma UCAS wenyewe, kisha tukarudi ghorofa ya nne na kulipia faili kwa ajili ya viza tu. Walinuna kidogo halafu wakakubali. Ana ofa mbili zenye masharti, na Kijerumani anaanza hata hivyo, kwa sababu kichwa chake hakijatoka huko.

Kama unaenda, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumamosi ni foleni hadi ngazini na wanafunga saa saba. Lifti inasimama ghorofa ya tatu, inayobaki unapanda. Mwambie mtu wa mapokezi unataka meza ya dirishani, ya kijana wa rula, una karatasi za kukaguliwa. Na vyeti ukavitoe kopi kabla hujapanda: kwao ni shilingi 20 kwa ukurasa, kwangu ni tano.